Kumtembeza Mtoto Mji Mkongwe kwa Nyayo za Wanafunzi wa Zamani: Mwongozo Kamili

Kila likizo ya skuli malalamiko ni yaleyale. Wazazi wanawaleta watoto Unguja, wanawapitisha Forodhani, Ngome Kongwe, Mkunazini, na kabla ya saa tano watoto wameshaanza kulia kiu na kuuliza boti inaondoka saa ngapi. Nauli imelipwa, viingilio vimelipwa, na mtoto akirudi nyumbani anachokumbuka ni mishikaki.

Sababu kubwa ni kwamba mtoto anaonyeshwa majumba. Mtoto wa miaka tisa hajali ni sultani gani alijenga nini. Lakini mwambie kwamba hapa palikuwa na mtoto wa umri wake aliyekatazwa kuandika akajifundisha kwa siri, uone atakavyosogea karibu. Kwa hiyo matembezi haya yanafuata wanafunzi watatu wa zamani: mtoto wa chuo cha Kurani, binti wa sultani, na mtoto aliyetolewa kwenye jahazi la watumwa akatiwa skuli. Vituo viwili vina kazi ya mikono. Vituo ni vichache kwa makusudi, usiongeze.

Mwongozo unamfaa mtoto wa miaka 7 hadi 13.

## Vitu vya kuandaa

- Mfupa mpana wa bega la ng'ombe, mmoja kwa kila mtoto. Mwenye bucha atakupa kwa bei ndogo ukimwambia mapema asiukate.
- Tete au mwanzi mwembamba wa kuchonga kalamu mbili.
- Masizi, gundi ya maji ya skuli, na kichupa chenye kifuniko kinachokaza.
- Mbatata moja kubwa, ngumu, na kisu kidogo kitakachobaki mkononi mwa mzazi.
- Karatasi nene, kitambaa chakavu, chupa ya maji ya kunawa mbali na ya kunywa.
- Mkeka mdogo wa kukunja.
- Jina la mtoto limeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mwombe mwalimu wa madrasa wa mtaani kwenu akuandikie kwa herufi kubwa. Usilitoe kwenye programu ya simu, maana mara nyingi herufi huja zimeachana.
- Nguo za kufunika mabega na magoti, kwa wakubwa na wadogo.
- Noti ndogondogo, na namba yako ya simu kwenye kikaratasi ndani ya mfuko wa mtoto.

## Hatua ya 1: Andaa mfupa, wino na kalamu wiki moja kabla

Hatua hii ndiyo wengi wanairuka, na ndiyo inayobeba siku nzima. Katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886, Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said bin Sultan aliyekuwa sultani wa Unguja, alieleza kwamba watoto wa kasri waliandika juu ya mfupa wa bega la ngamia badala ya kibao. Ngamia huna, lakini bega la ng'ombe linafanana nalo vya kutosha.

Kwangua nyama yote. Chemsha mfupa kwa saa mbili katika maji yenye sabuni kidogo, mwaga, kwangua tena ute uliobaki kwa kisu butu, kisha chemsha mara ya pili kwa maji matupu. Uanike juani siku nne au tano ukiugeuza, mahali ambapo paka hafiki. Mwisho upitishie msasa laini upande ulio bapa.

Usiharakishe kuanika. Mafuta yakibaki ndani, wino utajikusanya vitone badala ya kushika, na mfupa utanuka ndani ya mkoba katikati ya safari.

Wino una siri moja. Masizi ya taa ya chemli au ya sufuria ya kuni hayakubali maji. Ukiyamimina moja kwa moja yanaelea juu na kukutia weusi mpaka kwenye viwiko. Anza kuyasugua na gundi kwenye sahani mpaka yawe tope zito linalong'aa, ndipo uongeze maji tone kwa tone hadi yawe mepesi kama uji wa mgonjwa. Chuja kwa kitambaa.

Kalamu ichonge kwa mshazari, kisha pasua ncha katikati, ufa mdogo tu. Ufa huo ndio unaoshika wino; bila huo kalamu itaandika herufi moja na kukauka.

Umefaulu ikiwa mfupa ni mkavu, hauna harufu, ukipitisha kidole hakibaki na mafuta, na nukta ya wino inakauka kwa dakika chache kisha inafutika kwa kitambaa kibichi. Kivuli hafifu kikibaki si kasoro. Ukikosa mfupa, tumia ubao mwembamba uliopigwa randa. Watoto wa chuo wa pwani nzima walijifunza kwa ubao, waliuandika, wakasoma, wakauosha, wakaandika tena.

## Hatua ya 2: Chagua siku na saa

Jumamosi inafaa kuliko siku nyingine. Jumapili asubuhi kuna ibada kwenye kanisa la Mkunazini, na Ijumaa vyuo vya Kurani hupumzika, kwa hiyo utapoteza kituo cha mwisho. Ukiweza, epuka masika, Machi hadi Mei, kwa sababu vichochoro hujaa maji. Katika mwezi wa Ramadhani usipange safari hii na watoto wanaohitaji kula mchana. Kula hadharani ni kuwakosea wenyeji.

Anza saa mbili asubuhi. Forodhani inatazama magharibi, kwa hiyo asubuhi jua liko nyuma ya majengo na kivuli cha miti ni kizuri. Ukichelewa hadi saa nne, mkeka hautakalika.

Siku moja kabla, ulizia kama makumbusho unayoyataka yako wazi. Majengo ya Mji Mkongwe yanafungwa kwa ukarabati mara kwa mara. Beit al-Ajaib (Jumba la Maajabu), iliyojengwa na Seyyid Barghash mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, kwa hiyo panga kuitazama kwa nje tu.

## Hatua ya 3: Fungua darasa Forodhani

Tandika mkeka chini ya mti. Vua viatu, kaeni mkunjo. Usianze na maelezo. Anza na somo lenyewe: wewe unasema alifu, mtoto anaitikia, be, anaitikia, te, anaitikia. Sema kwa sauti, bila haya hata kama watu wanapita.

Baada ya dakika kumi ndipo umweleze. Katika chuo hapakuwa na darasa la kwanza wala la pili. Watoto wa umri mbalimbali walikaa kwenye jamvi moja mbele ya mwalimu, kila mmoja akisoma pale alipofika, wote kwa sauti, wakati mmoja. Aliyetangulia alimfundisha aliye nyuma yake. Aliyemaliza Kurani alifanyiwa khitima, na nyumba nzima ilisherehekea.

Ukiwa na watoto wawili, mwache mkubwa amfundishe mdogo herufi tano huku wewe umenyamaza. Wazazi huingilia hapa kusahihisha. Jizuie. Ni kwa kufundisha ndipo mkubwa anagundua anachokijua na asichokijua, na walimu wa vyuo walilifahamu hilo.

Kuhusu bakora, sema kweli: ilikuwepo, na waliochapwa wanaikumbuka mpaka leo. Usiiigize wala usiifanye kichekesho.

Sasa toa mfupa na wino. Mtoto aige jina lake kutoka kwenye karatasi ya mwalimu, akianzia kulia kwenda kushoto. Mkono ukae chini ya mstari, usipite juu ya wino mbichi. Mtoto mwenye jina la Pendo au Vumilia atauliza kwa nini herufi yake ina alama za ziada. Mwambie Kiarabu hakina p wala v, na watu wa pwani waliokuwa wakiandika Kiswahili kwa herufi hizi ilibidi wajitafutie njia.

Onyo moja lisilo na mjadala: usimwandikishe mtoto aya ya Kurani kwa zoezi hili. Mfupa utawekwa chini, utatiwa mkobani, utaoshwa popote. Herufi na jina zinatosha.

Usitazame uzuri wa mwandiko. Hatua hii imefaulu mtoto akiomba kufuta na kuandika tena bila kuambiwa.

## Hatua ya 4: Mpeleke kwa Salme

Kutoka Forodhani fuateni barabara ya Mizingani hadi Makumbusho ya Kasri, mwendo mfupi. Ndani mna chumba kilichotengwa kwa Sayyida Salme. Nendeni huko kwanza, kabla ya samani na picha za masultani, mtoto akiwa bado na nguvu.

Hadithi yake isimulie hivi, kwa ufupi. Alizaliwa mwaka 1844 katika kasri la Mtoni. Watoto wa sultani walisomeshwa pamoja, wavulana na wasichana, juu ya mkeka mmoja mkubwa kwenye baraza iliyo wazi. Wote walifundishwa kusoma. Kuandika kulikuwa kwa wavulana. Salme akauchukua mfupa wa ngamia, akawa ananakili herufi za Kurani kwa siri mpaka mkono ukakubali.

Kisha mpe mtoto muda wa kuuliza swali ambalo wote huuliza: aligunduliwa?

Aligunduliwa, na watu wakamsema. Lakini mwaka 1859, ndugu yake Barghash alipopanga njama dhidi ya kaka yake Majid aliyekuwa sultani, waliokula njama walihitaji mtu wa kuwaandikia barua. Salme, msichana wa miaka 15, akawa katibu wao. Njama ilishindwa. Mwaka 1866 aliondoka Unguja, na miaka ishirini baadaye akawa mwanamke wa Kiarabu aliyechapisha maisha yake mwenyewe kwa Kijerumani.

Mtoto mkubwa aongezewe hili: serikali ya Unguja ilifungua skuli yake ya kwanza ya wasichana mwaka 1927. Mwache ahesabu mwenyewe miaka kutoka barua za Salme. Jibu likimkera, mwache akereke.

Angalizo la ukweli: usimwambie mtoto kwamba Salme alikaa katika vyumba hivi. Kasri la zamani liliharibiwa na mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, na hili mnaloliona lilijengwa baadaye. Watoto hukumbuka uongo mdogo kwa miaka mingi na kuwasimulia wenzao kama ushahidi.

Ikiwa kasri limefungwa, kaeni ukingoni mwa bahari mkilitazama na simulia hapo hapo. Mfupa ulio mkononi unafanya kazi kubwa kuliko samani. Hapa huhitaji zaidi ya dakika arobaini.

## Hatua ya 5: Vukeni vichochoro hadi Mkunazini

Rudi nyuma ya kasri, ingieni Hurumzi, muelekee mashariki. Mtapotea kidogo, na hakuna hatari: Mji Mkongwe umezungukwa na bahari pande mbili, na upande wa tatu ni barabara ya Darajani. Shika njia moja bila kukata kona ovyo na lazima utatokea kwenye kimojawapo. Hatari halisi ni pikipiki. Mtoto atembee upande wa ukuta, na mkisikia honi ingieni kwenye baraza ya nyumba.

Mkunazini ndipo pagumu, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kanisa la Anglikana limesimama palipokuwa soko la watumwa. Mkataba wa kulifunga soko ulitiwa saini tarehe 5 Juni 1873. Jiwe la msingi la kanisa likawekwa Krismasi ya mwaka huohuo. Askofu Edward Steere aliyelisimamia amezikwa nyuma ya madhabahu. Uani kuna sanamu za watu wamesimama ndani ya shimo, na minyororo shingoni. Chini ya jengo la jirani kuna vyumba vyenye dari la chini ambamo wageni huingizwa.

Mtoto wa chini ya miaka kumi usimwingize vyumbani. Sanamu zinamtosha. Mkubwa muulize kwanza, na akikataa usimlazimishe wala kumwita mwoga. Mzazi anayemsukuma mtoto hapa hupata usiku wa kulia.

Mwanafunzi wa tatu anaanzia hapa. Wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, walipofika Unguja mwaka 1864, sultani aliwakabidhi wavulana watano waliotolewa kwenye jahazi la watumwa. Hao wakawa wanafunzi wao wa kwanza. Baadaye wavulana wakasomea Kiungani, wasichana Mbweni. Walikuwa watoto waliotekwa kutoka bara, wakisema lugha tofauti, na walisomeshwa kwa Kiswahili, ambacho wengi wao nao walikuwa wakijifunza. Mmoja wao, Cecil Majaliwa, aliyetekwa utotoni na kusomeshwa Kiungani, alipewa upadri mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza katika misheni hiyo.

Mweleze mtoto kwamba hawakuwa na mama wa kuwapokea wakitoka darasani. Kisha nyamaza kidogo. Maswali yatakuja yenyewe, na mengine huna jibu lake.

Kazi ya mikono ifanyieni kivulini nje ya eneo la kanisa. Steere aliendesha mtambo wa kuchapa vitabu vya Kiswahili, na wavulana wa misheni walifundishwa uchapaji. Kata mbatata katikati, kausha uso wake kwa kitambaa, na mtoto achore herufi ya kwanza ya jina lake. Wewe ndiye wa kuchonga, ukiondoa pembeni ili herufi ibaki imeinuka. Paka wino, kandamiza kwenye karatasi.

Mara ya kwanza herufi itatoka kinyume, isipokuwa mwenye herufi kama A, M, O au T. Usimwonye mapema. Akiiona, mwache afikirie, kisha chonga upande wa pili wa mbatata herufi ikiwa imegeuzwa. Mpanga herufi wa Kiungani alilazimika kusoma ukurasa mzima hivyo, kinyumenyume, kabla haujachapwa.

Ishara ya kufaulu: mtoto ana jina kwenye mfupa kwa herufi za Kiarabu, na herufi yake kwenye karatasi kwa Kilatini, na anaweza kukueleza kila moja ilifundishwa wapi na kwa nani.

## Hatua ya 6: Kuleni, mkapumzike

Tokeni Darajani, kuleni urojo au wali, rudini mlipofikia. Kuanzia saa sita hadi saa tisa hakuna mtoto anayejifunza kitu katika joto la Unguja. Alale. Msiende "kuona kidogo tu" sehemu nyingine. Hapo ndipo siku nyingi huharibika.

## Hatua ya 7: Alasiri, sikilizeni Ukutani

Baada ya saa tisa, rudini ndani ya mji mtaa wa Ukutani. Hapa ndipo Sheikh Abdallah Bakathir, mzaliwa wa Lamu, alipokuwa na madrasa yake iliyovuta wanafunzi kutoka mwambao mzima. Yeye na mwalimu wake Sheikh Ahmad bin Sumait, kadhi aliyezaliwa Ngazija, walifariki mwaka mmoja, 1925. Sifa ya Unguja kama mji wa elimu ilitokana sana na watu kama hawa, na inasikitisha kwamba wageni wengi hupita Ukutani wakitafuta duka la vinyago.

Hamji kuona jengo. Mmekuja kusikiliza. Saa hizi watoto wa mji huenda chuoni na kanzu zao na mitandio yao, na sauti za kusoma hutoka madirishani. Simameni pembeni kimya. Mtoto aliyekaa kwenye mkeka Forodhani atatambua mara moja kwamba kila mmoja anasoma pale alipofika.

Usipige picha watoto wa watu. Usichungulie dirishani. Usiingie msikitini bila kualikwa. Mwalimu akitoka, mtangulie kwa salamu, "Asalaam alaykum, maalim," na mtoto wako naye amwamkie shikamoo. Mara nyingine salamu hiyo hufungua mazungumzo mazuri barazani. Mara nyingine huishia hapo, na hapana ubaya.

## Hatua ya 8: Nusu siku ya ziada, mkibaki Unguja

Kesho yake chagueni mahali pamoja tu, si pote pawili.

Mtoni: daladala za Bububu hupita karibu na magofu ya kasri alimozaliwa Salme, kando ya bahari kaskazini mwa mji. Mfupa uje. Mtoto akae chini aandike pale. Kuta ni kongwe, asizipande wala kuziegemea.

Mbweni: kusini mwa mji, magofu ya skuli ya wasichana iliyoongozwa na Caroline Thackeray aliyefika mwaka 1877. Yapo ndani ya uwanja wa hoteli, kwa hiyo ombeni ruhusa getini. Walifundishwa kusoma, kushona na kupika, na baadhi yao wakawa walimu. Mtoto aliyeguswa na Mkunazini apelekwe huku. Aliyeguswa na Salme aende Mtoni.

## Mambo yanapokwama

Mtoto hataki kukaa mkekani. Kaa wewe, anza kuandika jina lako, vibaya. Atakuja kukusahihisha.

Wino umemwagika mkobani. Kazi ya mbatata hufanyika hata kwa tope la kahawa nzito kutoka kwa muuza kahawa wa barazani. Kwenye mfupa tumieni penseli.

Anayewatembeza anataka kuwapeleka kwingine. Patana naye kabla ya kuanza: vituo hivi tu, malipo haya, na atasubiri mnapoandika. Asiyekubali kusubiri, mshukuru na utafute mwingine.

Mvua imeshika. Hamieni baraza yoyote yenye paa, ombeni ruhusa kwa mwenye nyumba, fanyeni Hatua ya 3 hapo, na Mkunazini muihamishie asubuhi inayofuata.

Mtoto hajasema lolote siku nzima. Usimhoji jioni hiyo. Mwekee mfupa na kichupa cha wino mezani mkifika nyumbani, usifue alichoandika wala kukifuta.